Kipindi ni cha chakula, sisi tunalala njaa

Bi Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, mtu wa sauti kwenye kipindi cha televisheni kinachozunguka mikoani kuonesha mapishi ya watu. Ukitukuta kijijini utanitambua haraka: ni yule mwenye fimbo ndefu yenye maiki iliyovikwa manyoya, ambayo watoto huifuata wakidhani ni mnyama. Wenzangu wanalipwa kutazama. Mimi nalipwa kusikiliza, na ndiyo sababu nakuandikia, maana nimesikia mengi kuliko ninayoweza kuyabeba.

Tuko sita kwenye Noah moja, mizigo iko juu kwenye keria. Kuna bosi, ambaye ni prodyuza, dairekta na mweka hazina kwa wakati mmoja. Kuna mtangazaji, ambaye nikitaja jina lake nusu ya wasomaji wako watamjua, basi tumwite Dada. Kuna kameramani, kijana wa mjini, mdomo hauna breki. Kuna binti wa vipodozi na mavazi, ambaye pia ndiye anayepuliza maji kwenye kachumbari ili ing'ae. Kuna dereva wetu, rika la baba yangu, tunamwita Mzee. Na mimi.

Chanzo cha yote ni posho. Msimu huu ulipoanza, bosi alitukusanya kwenye kituo cha mafuta pale Chalinze akatutangazia kwamba posho ya chakula imefutwa kwa wote, na yeye akiwemo, hapo nampa haki yake. Hoja yake ilikuwa fupi: "Kipindi ni cha chakula. Mtakula chakula cha kipindi." Kameramani alipiga makofi. Alidhani tumepandishwa cheo.

Bi Mkubwa, chakula cha kipindi hakiliki. Mama anaamka alfajiri anapika, sisi tunafika saa mbili, tunafunga taa, jua linahama, tunahamisha taa. Dada anasema maneno yake, pikipiki inapita, tunarudia. Anasema tena, jogoo anawika, tunarudia. Jogoo akinyamaza, kameramani anasema fokasi ilimtoroka. Moshi, mtori ulipotufikia mkononi ulikuwa umeganda, kijiko kinasimama chenyewe katikati ya bakuli. Zanzibar, urojo uliosubiri mbele ya kamera ulizinywesha bhajia zake zote zikalainika zikapotelea humo humo. Kyela tulipikiwa wali wa mchele wao wenyewe, ule ambao harufu yake inamtoa mtu usingizini, na binti wa vipodozi akaupaka glisirini kwa brashi ili punje zing'ae kwenye kamera. Tukabaki kuutolea macho.

Na chakula kikinusurika na taa, hakinusuriki na wageni. Kila tunakokwenda lazima tujitambulishe kwa mtendaji na kwa mwenyekiti wa kijiji, na ni haki yao. Basi mwenyekiti anakuja kuangalia shughuli, na mgambo wake, na shemeji yake ambaye hana cheo chochote. Wanakaribishwa. Nani atamwambia mwenyekiti asinawe? Sisi tunakomba sufuria.

Maiki nayo haina adabu. Forodhani tulisubiri adhana ya magharibi iishe, tukasubiri upepo wa bahari utulie, tukapata ule ukimya ambao mtu wa sauti huuota. Dada akainua mshikaki wa pweza. Mara kwenye hedifoni nikasikia mngurumo mrefu, wa chini, unapanda unashuka. Nikasimamisha kazi, nikaanza kutafuta nani kawasha jenereta. Halikuwa jenereta. Lilikuwa tumbo la kameramani.

Jambo la pili ni Dada mwenyewe. Dada hali. Mbele ya kamera anatafuna, anafumba macho, anasema "jamani watazamaji, mmh!", halafu bosi akisema "kata!" anageukia pembeni na tishu. Novemba tulikuwa Bukoba, msimu wa senene. Tulikesha na wale wanaowatega kwa taa kali na mabati, jenereta linanguruma usiku kucha mpaka sauti zangu za usiku ule hazifai hata kwa redio. Asubuhi mama mmoja akakaa na beseni, akawanyonyoa mbawa na miguu mmoja mmoja, akawakaanga na chumvi mpaka wakawa wakavu wanalia kwenye meno. Mimi ile sahani ningeilipia kwa hela yangu. Dada aliweka watatu mdomoni, akawasifu, akawatoa kwenye tishu wote watatu.

Wenzangu sasa wanamwita Malkia wa Tishu. Wanasema anajiona, kwamba chakula cha kijijini kwake ni kinyaa. Binti wa vipodozi, ambaye ndiye anayepokea hizo tishu, ana video kwenye simu yake na anatishia kuirusha mtandaoni.

Lakini mimi kuna kitu nimesikia. Dada huwa anasahau kuzima kile kisanduku cha maiki anachofunga kiunoni. Siku moja alienda nyuma ya gari kuongea na mama yake kwenye simu, nami nilikuwa na hedifoni masikioni nikikunja waya. Kabla sijazivua nilishasikia: dawa za vidonda vya tumbo, daktari kamkataza pilipili na vya kukaanga, na "mama, bosi akijua ataniondoa kwenye kipindi". Nilizivua palepale. Ila maneno yalikuwa yameshaingia.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Tulikuwa Singida kwa bibi mmoja, katupikia kuku wa kienyeji, kamlaza mzima kwenye sinia, mapaja mawili yameelekea kamera. Tukachukua shoti ya mbali. Betri ya taa ikaisha, tukapumzika kidogo. Tuliporudi, kuku ana paja moja. Bosi alipandwa na jazba. Akasema shoti ya kwanza mapaja mawili, ya pili paja moja, watazamaji watauliza kuku alipata ajali saa ngapi. Aliyekuwa amekaa kivulini karibu na sinia ni Mzee. Mzee akasema hajagusa. Bosi akasema atamkata shilingi elfu thelathini, bei ya kuku mzima. Mzee hakubishana. Alitazama viganja vyake, vikavu kabisa, akavifuta kwenye suruali hivyohivyo, akaenda kuangalia maji ya rejeta.

Jioni, gesti, nikawa napitia kazi ya mchana. Wakati wa mapumziko huwa naiacha rekoda iendelee ili nipate sauti za mazingira, ndege, majani, watu wa mbali, na siku ile fimbo ilikuwa kwenye stendi, maiki imeelekea sinia. Nikasikia hatua. Nikasikia mfupa ukichomoka kwenye kiungo. Nikasikia kutafuna. Halafu sauti ya bosi, mdomo umejaa, anaongea na mtu kwenye simu: "Bajeti inanisumbua kwa sababu ya hawa vijana. Wanakula sana."

Kameramani alinikuta nikisikiliza. Sasa ananibembeleza niiunganishe na redio ya gari tukiwa wote sita safarini. Anasema yuko tayari kuchangia mafuta.

Nisisahau: siku hiyohiyo bibi wa Singida aliiona tishu ya Dada. Hakusema neno. Alichukua sinia lake, akalifunika kwa ungo, akaingia nalo ndani.

Nifanye nini, Bi Mkubwa? Nikisema ya Dada namtetea lakini namvua nguo. Nikisema ya bosi napoteza kazi. Nikinyamaza, Mzee analipa paja ambalo hakulila. Mjomba wangu ana kampuni ndogo ya kupiga picha za harusi na ananiita kila siku. Niende?

Msikiaji wa Yote, njiani kati ya Singida na Dodoma

*

Marahaba, mwanangu. Pole na njaa, na pole na masikio.

Nimesoma barua yako nikicheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuuliza kulikoni. Nilipofika pale Mzee anapotazama viganja vyake, kicheko kikakata. Kwa hiyo tuanze naye, hao wengine watasubiri.

Umechanganya mambo mawili ukayatia kapu moja kwa sababu yote yamekufikia kwa hedifoni. Ugonjwa wa Dada ni wake. Hauchukui chochote kutoka mfukoni mwa mtu. Paja la Singida si siri ya bosi hata kidogo, kwa sababu kuna mtu mwingine analilipia. Ukinyamaza kwa Dada umemstahi. Ukinyamaza kwa Mzee unamsaidia bosi kumkata.

Basi nenda kwa bosi. Peke yako, asubuhi, akiwa ameshakunywa chai na kitu cha kutafuna. Nasisitiza hiyo chai: mtu mwenye njaa hazungumzishwi habari za paja. Usiende na rekoda mkononi na usitaje neno "ushahidi". Mwambie hivi: "Bosi, naomba Mzee arudishiwe elfu thelathini yake. Wakati wa mapumziko rekoda yangu ilikuwa inaendelea, na hakuwa yeye." Kisha nyamaza. Usiongeze hata "samahani". Bosi wako ni mtu wa televisheni, anajua rekoda inayoendelea inamaanisha nini. Mwachie nafasi ya kusema kwamba amefikiria upya, na akisema hivyo mwitikie kama vile umeamini. Mtu mzima akifunguliwa mlango wa nyuma atatoka. Ukimsukumia wa mbele, mbele ya vijana watano, atakaa humo humo ndani na atakumaliza.

Akikaza shingo, kuna sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kumkata mtu mshahara kwa hasara kwa kumnyooshea kidole tu kivulini. Anatakiwa aeleze kwa maandishi hasara ni ipi, ni kiasi gani na amekipataje, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi hasara yenyewe. Hapo kwenye "yasizidi" ndipo ninapopapenda. Paja moja halijawahi kuuzwa bei ya kuku mzima, hata Singida. Mzee akitaka kwenda mbele, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila asikae nalo miezi, malalamiko huko yana siku zake. Lakini hilo ni lake kuamua. Kazi yako ni kumwambia kwamba unajua si yeye. Mwambie leo, kabla hata hujaenda kwa bosi. Mzee wa watu anaendesha gari lenye vijana wanaodhani ni mwizi wa nyama.

Kuhusu hiyo sauti yenyewe: usiifute kabla hela haijarudi, na usimsikilizishe mtu yeyote. Ukishaona hela imeingia kwenye simu ya Mzee, futa sauti. Kameramani atasikitika. Mwambie kwamba akiipiga kwenye redio ya gari, wimbo utakaofuata ni tumbo lake pale Forodhani, nalo unalo limehifadhiwa vizuri.

Sasa Dada. Ulichosikia nyuma ya gari kizike. Usikitumie hata kumtetea. Najua unataka kusema "jamani muacheni, mgonjwa", na moyo wako ni mzuri, lakini ukishasema hivyo Noah nzima inajua, na binti wa vipodozi atajua, na bosi atajua kabla hamjavuka Dodoma. Wala usimpelekee yeye mwenyewe methali ya mficha maradhi. Mgonjwa anaijua kuliko wewe.

Lakini kuna kitu unachodaiwa naye, na hicho ni cha kazi. Mwambie: "Dada, maiki yako huwa inabaki wazi ukitoka kwenye shoti. Kuanzia sasa bosi akisema kata, naizima mwenyewe upande wangu." Basi. Usieleze umejuaje. Ataelewa, atakuangalia sekunde mbili, na ama atakuambia mwenyewe ama hatakuambia. Nashangaa hamkuwa na utaratibu huo tangu mwanzo. Maiki ya kiunoni imeshawaumbua mawaziri na wachungaji kwenye nchi nyingi, sembuse mtangazaji.

Tishu ni jambo jingine, kwa sababu hiyo kila mtu ameiona kwa macho, huna haja ya hedifoni. Na hapa niwaseme wenzako. Wangapi kati yao wametafuna senene kwa teki saba mfululizo, yaani shoti ileile kurudiwa mara saba? Kwenye matangazo ya biashara ya vyakula duniani kote, mwigizaji huwekewa ndoo ya kutemea kando ya meza, hakuna anayeshangaa, kwa sababu akimeza kila tonge la kila teki atatapika kabla ya jua kuzama. Kutema si dharau. Dharau ni kutema mbele ya aliyepika, bila neno, kwa watu ambao kwao mgeni akikataa tonge maana yake kamkataa mwenye nyumba.

Kwa hiyo pendekezo kwa Dada, na unaweza kulitoa kwa sababu linahusu sauti na picha, wala huhitaji kugusa afya yake. Mpishi aombwe kabla ya siku yenyewe atenge kibakuli kidogo kisicho na pilipili wala mafuta mengi. Sababu mnayotoa ni ya kweli: mtangazaji akikohoa, sauti imeharibika. Teki ya kwanza ale kutoka hicho, ameze, mbele ya mpishi, na amgeukie amwambie asante, kamera iwe inapiga au haipigi. Teki zinazofuata mpishi awe ameshaambiwa: "Bibi, hivi vijiko vingine ni vya kamera tu." Utashangaa bibi zetu wanavyoelewa. Wao ndio wanaoonja chumvi kwa kiganja na kutema. Kuna vitu hataviweza hata bila pilipili, kama hao senene. Hapo amsogeze kameramani mbele ya kamera, mpeni senene yeye, na Dada aulize maswali. Kipindi kitapendeza zaidi. Mtu mwenye njaa ya kweli akila, haigizi.

Binti wa vipodozi muulize swali moja tu: akiirusha hiyo video, msimu ujao atampaka nani poda? Kipindi kikifa, Dada atapata kazi nyingine wiki hiyohiyo. Yeye je?

Bibi wa Singida asiachwe hivihivi. Mna namba yake, maana kuna mtu alimpigia kupanga siku. Dada ampigie mwenyewe. Asijieleze sana. Aseme chakula kilikuwa kizuri, kazi yetu ina mambo yake yasiyopendeza kwa mwenye nyumba, nisamehe bibi yangu. Na mkipita tena njia ile, simamisheni gari kwake bila kamera, mnunue kuku wawili hai wa kwenda nao, mlipe bila kupunguza bei.

Nimebaki na posho, ambayo naona ndiyo iliyozaa yote haya. Tazama vizuri: bosi wako naye alijifutia. Yule aliyesimama juu ya sinia anavunja paja huku anawasengenya ni mtu aliyekuwa ameshindia chai ya kandokando ya barabara tangu asubuhi. Simtetei. Nakwambia tu kwamba mna njaa sita ndani ya gari moja, na mkishaijua hiyo mtaacha kutafuta nani mwenye roho mbaya.

Sheria ileile ya 2004 inasema mtu akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Saa moja kamili. Siku ya kazi ni saa 9 na wiki ni saa 45, na zinazozidi ni za ziada, zinalipwa si chini ya mara moja na nusu. Ukikesha na senene, saa za kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi zina nyongeza yake, asilimia 5 isiyopungua. Sijui mmesaini nini na huyo bosi, na nahofia baadhi yenu ni deiwaka msio na karatasi. Kama ndivyo, karatasi iwe ya kwanza kabla ya wali. Lakini siku ya kuzungumza msianze na vifungu. Anzeni na sufuria.

Hapa nieleze vizuri kwa sababu naona hakuna kati yenu aliyewahi kuuza chakula. Mama ntilie akikupikia, sufuria lile si mapambo ya picha. Ni mtaji wake wa siku. Mkimwambia "subiri kwanza mama, usipakue, taa bado", wateja wake wa saa nne wanapita wanakwenda kwa jirani, na hao wa saa saba vilevile. Mnampa ahsante na kuonekana kwenye runinga. Kuonekana hakununui mkaa. Kwa hiyo kila mnakokwenda nunueni sufuria zima, kwa bei yake ya kuuza, na hela apewe kabla ya kuwasha kamera. Kuanzia hapo chakula ni chenu. Mama hakupoteza kitu, hana haraka ya kuwafukuza, na nyinyi mna chakula cha mchana cha watu sita na bado mwenyekiti, mgambo na yule shemeji wana sahani zao. Wahesabuni tangu mwanzo. Wataongezeka, hawatapungua.

Bosi ataguna kuhusu bajeti. Mkalisheni chini na kalamu. Aandike upande mmoja bei ya sufuria moja la mama ntilie. Upande wa pili aandike shoti mnazorudia kwa sababu matumbo yanasikika, chakula kinachopikwa mara ya pili kwa sababu cha kwanza kimepoa, gesti ya usiku wa ziada kwa sababu kazi haikuisha. Nadhani kalamu itasimama yenyewe.

Halafu badilisheni mpangilio wa kazi, hili ni la kameramani na wewe. Mnaanza na maneno ya Dada wakati chakula kinapoa. Kwa nini? Mvuke hausubiri mtu. Pakua tu, kamera iwe tayari, chukueni mvuke, mchuzi unaochemka, chapati inayolia kwenye chuma, hizo sauti zako unazozipenda, kwanza kabla ya yote. Urojo upigwe picha wakati chipsi za muhogo bado ziko juu zinavunjika. Ikishapatikana hiyo, pakueni mle, saa yenu moja ya sheria, wote mmekaa. Mazungumzo marefu na mpishi yafuate, watu wameshiba, sufuria tupu halina neno, tena mtu aliyeshiba anapiga hadithi nzuri. Na mtenge sahani moja ya kamera, ndogo, hiyo ndiyo ipakwe glisirini, ipulizwe maji, ifanywe mnavyotaka. Wali wa Kyela uliobaki msiuguse na brashi. Hiyo habari iliniuma kuliko ya senene.

Nani aseme? Msimtume mmoja. Ukienda wewe peke yako na habari ya Mzee asubuhi, halafu jioni uende tena peke yako na habari ya sufuria, bosi ataona ni wewe tu mwenye midomo. La posho liende siku nyingine, mwende watano, na msemaji awe Mzee. Baada ya bosi kumrudishia elfu thelathini yake, hatakuwa na uso wa kumkatalia wali.

Umeuliza kuhusu harusi za mjomba wako. Nimehudhuria nyingi, nimewaona watu wa kamera. Wanasimama tangu bibi harusi anatoka saluni mpaka keki inakatwa, na chakula kikitolewa wanaambiwa wasubiri kamati imalize. Kamati haimalizi mapema. Wakifikiwa, kuku ameshakuwa shingo na mgongo. Tena huko hedifoni zitakuletea mambo ya wakwe, ambayo ni mazito kuliko paja. Mimi ningekaa kwenye kipindi mpaka niione hiyo elfu thelathini ikirudi na sufuria la kwanza likinunuliwa. Visipotokea, nenda kwa mjomba, ila kabla hujasaini chochote muulize watu wa kamera wanakula meza ipi, na saa ngapi.